Ladha ya Shaba

Asubuhi moja ya kiangazi mume wangu alitema mate uani, akayafukia kwa kisigino cha buti, kisha akaniambia kwamba shaba imemwingia. Alisema kwa utulivu kabisa, huku anafunga vifungo vya shati lake la kazi. Mimi nilikuwa barazani na cherehani yangu, napangusa vumbi kabla ya kugusa kitambaa cheupe cha bibi harusi.

“Ilikuingia fasi gani?” nikamuuliza.

“Mu kinywa, mama. Kila asubui naamuka na ladha yake, sawa nililala na musumari mu meno.”

Sikucheka. Kwetu Kolwezi, mji wa migodi, hakuna mtu anayecheka neno kama hilo. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akibeba mawe ya shaba kutoka mgodi wa Mashamba, na kila jioni alirudi na kope nyekundu. Vumbi hilo ninalijua vizuri. Liko kwenye pazia langu, liko kwenye mboga ya sombe hata nikiiosha maji matatu, liko kwenye mshono wa nguo ambayo haijavaliwa bado. Kwetu mtu akikohoa, ni mgodi. Ngozi ikimwasha mtoto, ni mgodi. Mara nyingi tunasema kweli, na kwa sababu tunasema kweli mara nyingi, tumezoea kutouliza mara ya pili.

Madereva wana dawa yao. Wanasema wazee wao, enzi za kazi ya zamani, walipewa maziwa kazini ili yasafishe kifua, na wao wameushika urithi huo kwa imani kubwa. Wanakoroga maziwa ya unga mazito, wanatia sukari mpaka kijiko kinasita, wanajaza chupa, na chupa inakaa karibu na dereva siku nzima. Anapiga funda moja akingoja kupakiwa, funda jingine akingoja kupakua. Kikombe cha mwisho kinanywewa kitandani. Na hapo ndipo penye sharti: ukishakunywa, usisukutue, maana maziwa yanatakiwa yalale kinywani ili yavute shaba. Ukisukutua umeitupa dawa.

Mume wangu alilishika sharti hilo kuliko wenzake wote. Kisha akaongeza la kwake. Aliacha kupiga mswaki, kwa sababu kila alipopiga, ile ladha ilizidi. Aliniambia brosi inakwaruza, na mahali palipokwaruzwa ndipo shaba inapoingilia. Niliona lina akili. Nilimwekea maziwa mimi mwenyewe, na sukari nilitia kwa mkono wangu usio na ubahili.

Basi akaanza kukonda. Suruali nilizompunguza kiuno kabla ya Pasaka nikazipunguza tena baada ya Pasaka. Alikuwa na kiu isiyoisha, anakunywa maji kama aliyetembea na jua toka Fungurume, na usiku hatulali kwa safari zake za choo. Alifurahi. Alisema maziwa yanafanya kazi, yanaisafirisha shaba nje. Buti lilipomchubua mguu wa kulia, chini ya kidole kidogo, na mchubuko ukakataa kupona, hiyo nayo ikawa shaba. Kila kitu kilikuwa shaba.

Kitandani alinigeuzia mgongo. Alilala uso ukutani, na nikimwongelesha alijibu ukuta. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi. Nikajiambia huyu ana mtu Fungurume, kule madereva wanakolala foleni ikiwa ndefu. Nilinusa mashati yake yote. Niliambulia harufu ya dizeli na jasho, lakini nikaendelea kununa, maana kununa nilishaanza. Harufu iliyokuwepo hasa, ile ya kinywa chake, niliihisi wazi, nikaipa jina ambalo lilikuwa tayari mdomoni mwa kila mtu: shaba.

Siku moja nilifunga cherehani, nikavaa kitenge cha kanisani, nikaenda kwenye geti la kampuni ya malori. Nilitaka mkubwa yeyote atoke aniambie shaba ya kwao inafanya nini ndani ya mume wangu. Mlinzi alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu hata, kisha akaniuliza daktari amesema nini. Nikamwambia sikuja kwa habari ya daktari, nimekuja kwa habari ya vumbi. Nilipiga kelele mpaka waendesha pikipiki wakasimama kutazama. Nilirudi nyumbani nimechoka, na mguu wa mume wangu ulikuwa vilevile.

Haukuwa vilevile kwa muda mrefu. Kidonda kilipanuka, kidole kidogo kikaanza kuwa cheusi, na cha pili yake kikabadilika rangi. Muuguzi wa kituo chetu cha mtaani alikuwa akikisafisha na kukifunga, na kila mara alimpa pia dawa ya malaria kwa sababu alionekana dhaifu. Kinywani hakutazama. Sisi wenyewe hatukumwonyesha. Tangu lini mtu anapeleka mguu kwa muuguzi halafu anafungua mdomo? Siku moja aliponifungulia mlango nitoke, alinishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba weusi ule ukipanda, hospitali wataukata mguu.

Sikumwambia mume wangu. Mguu wa kulia ndio wa mafuta na wa breki. Alikuwa ameendesha tangu ujana wake, hajui kazi nyingine wala hataki kujua, na mimi nilimjua vya kutosha kuelewa kwamba wakimkatia mguu watakuwa wamemkata yeye mzima.

Nikaamua kumwondoa kwenye vumbi. Dada yangu mkubwa anaishi Lubudi, ana shamba na nyumba iliyokaa upande ambao malori ya mawe hayapiti. Mume wangu akaomba ruhusa kazini, tukapita Fungurume, tukabadilisha gari, tukafika tumekunjika mifupa. Dada alimpokea kwa bukari, ugali wetu, na kuku, akamtandikia chumba chenye dirisha kubwa. Asubuhi alimweka kwenye kiti nje, avute hewa. Treni ilipita kwa mbali, watu wakapita na mihogo vichwani, na mume wangu akakaa pale na chupa yake ya maziwa mapajani, akivuta hewa kwa bidii kama mtu aliye kazini.

Hewa ilikuwa safi kweli. Ladha haikuondoka. Dada yangu, ambaye huwa hafichi lake, aliniuliza jikoni:

“Huku hakuna karyeri ya mawe, hakuna kamyo ya kuyabeba. Shemeji anaonja shaba ya wapi?”

Nikamwambia shaba iliyokwisha kuingia haitoki kwa siku mbili. Nilijibu kwa ukali, kwa sababu swali lilikuwa zuri.

Mchana mmoja dada akaleta miwa kutoka shambani. Mume wangu alikuwa na miezi hajatafuna kitu kigumu. Chakula chake kilikuwa tonge laini lililolowa mchuzi. Lakini muwa ulikuwa umemenywa vizuri, mweupe, unatiririka maji, na yeye ni mtoto wa kijijini. Akaung’ata kwa pembeni, akavuta. Alipoutoa mdomoni, mahali palipong’atwa palikuwa pekundu.

Alisimama na ule mguu wake mbaya, akauinua muwa juu tuuone wote.

“Angalia, mama! Inatoka! Angalia vile iko nyekundu!”

Dada akapiga vigelegele. Hewa ya Lubudi imeshinda. Mimi nilikuwa nashona upindo wa sketi ya dada, kwa mkono, na sindano ilikuwa katikati ya vidole vyangu. Sijui kama ni sindano ile iliyonikumbusha au ni nini. Nimeshona tangu nikiwa msichana, na kila fundi cherehani anajua la kufanya akijichoma: unatia kidole mdomoni upesi, damu isidondoke kwenye nguo ya mtu. Ladha ile ninayo ulimini miaka yote. Ladha ya msumari. Niliutazama ule muwa, nikaweka sketi chini.

“Ile haina shaba, tata,” nikamwambia mume wangu. “Ni damu.”

“Damu ya nini?”

“Ya kwako. Damu iko na ladha ya vile. Hata yangu.”

Uso wake ukakunjamana. Hakuna anayependa kunyang’anywa ushindi mbele ya shemeji. “Basi damu yangu iko na shaba ndani,” akasema.

“Fungula kinywa.”

“Juu ya nini?”

“Fungula tu.”

Tulikuwa tumeoana miaka mingi, tumezaa, tumezika wazazi pamoja, na sijawahi kutazama ndani ya kinywa cha mume wangu. Nilikuwa nimetazama sehemu zake nyingine zote bila haya. Aligoma, akatazama pembeni, dada yangu akaona aibu akaingia ndani na sufuria. Mwishowe alifungua. Nikamgeuza uso kwenye jua.

Fizi zilikuwa zimevimba, za rangi ya zambarau, na zimeachana na meno. Ukoga mgumu ulikuwa umejenga chini ya meno ya mbele kama chokaa ndani ya birika. Niligusa jino moja kwa ncha ya kidole. Likacheza. Nikagusa jingine, fizi yake ikatoa damu na usaha. Akafumba macho. Na hapo nikaelewa ukuta wa chumbani kwetu, ule alioulalia miezi yote ile. Alikuwa anajua harufu yake. Alikuwa ananiepushia.

Nilimwonea huruma mpaka ikauma, na kwa kuwa mimi ni mimi, huruma ilitoka kwa sura ya hasira. Nilimwaga yale maziwa kwenye migomba ya dada. Hasira yote niliyoipeleka kwenye lile geti ilikuwa imepiga hodi kwa jirani.

Tulirudi Kolwezi, na safari hii tulikwenda hospitali kubwa, chumba cha meno. Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana, miwani imemteremka puani. Alimtazama mume wangu akiingia kwa kuchechemea, na kabla hajamkalisha kwenye kile kiti akauliza:

“Tata, usiku unaamuka kuenda kukojoa?”

Mume wangu akanitazama mimi. “Dokta, mi nilikuya juu ya meno.”

“Najua. Jibu tu.”

“Anaamuka,” nikasema mimi. “Na maji anakunywa sana. Na kidonda ku muguu inakatala kupona.”

Alitikisa kichwa kama aliyeshasikia habari hiyo kwa watu wengine. Akamchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine kidogo, akakisoma, akakisoma tena. Kisha akatueleza, polepole, akichanganya Kiswahili na Kifaransa, kwamba mume wangu ana ugonjwa wa sukari na amekaa nao muda bila kujua. Sukari ikizidi kwenye damu, fizi zinakosa nguvu ya kupigana na vijidudu. Fizi zikioza, mwili mzima unaingia vitani, na mwili ulio vitani hauiachi sukari ishuke. Kimoja kinasukuma kingine. Na sukari isiposhuka, kidonda cha mguu hakifungi.

“Muguu na kinywa biko mu mwili moya, tata,” akasema.

Maneno hayo si ya chuo kikuu. Hata mtoto angeyasema. Lakini mimi nilikaa pale nikaona jinsi tulivyokuwa tumeuchukua mwili wa mtu mmoja kama nguo ya viraka: mguu kwa muuguzi, kiu kwa joto, kukonda kwa vumbi, harufu kwa shaba, mgongo wake kitandani kwa uchungu wa ndoa. Meno hatukuyahesabu hata kama kiraka. Meno kwetu ni kitu cha picha, unayaonyesha kwenye harusi. Yakiuma unatia karafuu, yakizidi yanang’olewa, maisha yanaendelea. Nyumba yangu ina dawa ya minyoo, ya homa, ya tumbo, ya mba. Kwa kinywa tulikuwa na brosi moja iliyopinda, na hiyo nayo tuliishuku.

Daktari wa upasuaji alipouona mguu hakupamba maneno. Alisema vidole viwili viko hatarini, na maambukizi yakipanda, atakata chini ya goti. Angengoja kidogo, mume wangu apewe dawa na sindano za sukari, naye aone kama damu itapata njia. Mume wangu alisikia yote hayo kwa mara ya kwanza. Alikaa na mikono yake mikubwa juu ya magoti, akiutazama ule mguu.

Daktari wa meno akasema sehemu yake: fizi lazima zisafishwe hadi chini, na meno kadhaa, ya mbele yakiwemo, hayawezi kubaki. Yameshikwa na usaha mtupu. Hapo ndipo mume wangu alipokataa. Mtu ambaye alikuwa ametoka kuambiwa habari za goti lake aligoma kwa ajili ya meno.

“Ukitoa meno, itabakia matundu,” akamwambia. “Mi narudia ku Mashamba, vumbi itaingia palepale.”

Nilitaka kupiga kelele. Daktari hakupiga kelele. Alimwomba afungue kiganja, akakichora kwa kidole chake chenye glavu, ukingo mpaka ukingo.

“Tukikusanya kidonda yote iko mu fizi zako, iko karibu hivi. Kama ingekuwa ku mukono, ungeenda nayo kazi? Ungemwanga maziwa na sukari juu yake, unalala?”

Alikifumba kiganja chake. Nami nikapata la kusema, la kwanza la utulivu katika miezi yote ile. Nikamwambia sikatai kwamba vumbi lipo. Nalipangusa kila siku, nitalipangusa kesho. “Lakini iyi matundu vumbi haikuitoboa, tata. Ilitobolewa mu nyumba yetu.”

Akalala kwenye kiti, akafungua kinywa.

Meno hayakutoka yote siku moja. Sukari ilisubiriwa ishuke kidogo, wakang’oa, wakangoja, wakasafisha, wakang’oa tena. Nilijifunza kumchoma sindano ya tumboni. Fundi cherehani haogopi sindano. Asubuhi na usiku nilisimama nyuma yake kwenye beseni kama msimamizi wa mtihani, akipiga mswaki kwa brosi laini, polepole, pale fizi inapokutana na jino, hata damu ikitoka. Mwanzoni povu lilikuwa jekundu. Kisha likawa la waridi. Kisha likawa povu tu. Wenzake wa malori walikuja kumpa pole na makopo ya maziwa, na niliyarudisha mlangoni na maelezo marefu kuliko walivyotaka. Mmoja wao alinisikiliza mpaka mwisho, akapitisha ulimi kwenye meno yake, akaaga mapema.

Migodi sijaisamehe, mtu asinielewe vibaya. Vumbi bado linaingia, na siku moja nitarudi kwenye lile geti na habari ya kifua cha mtu, na nitakuwa na karatasi ya daktari mkononi. Ila nimegundua kwamba jambo kubwa la kukasirikia ni raha ya aina yake. Linakukinga usiangalie lile dogo, la karibu, lenye aibu, ambalo ungeweza kuligusa kwa kidole.

Siku ya daktari wa upasuaji kuamua, tulifika mapema. Mume wangu alikuwa na shati jipya nililomshonea, mashavu yameingia ndani pale palipokuwa na meno. Ndani, daktari alifungua bandeji, akatupa pamba, akabonyeza kando ya kidonda. Akabonyeza tena, juu zaidi. Nyama ilikuwa ya waridi, mbichi, na alipobonyeza ilitoa damu safi. Kidole cha pili kilikuwa kimerudisha rangi. Kidole kidogo kilikuwa cheusi na kikavu, kimekufa. Akanyoosha mgongo, akavua glavu moja.

“Iyi kadogo hatuwezi kuikomboa,” akasema. “Ingine yote inabakia.”

“Na muguu?” mume wangu akauliza.

“Nimesema ingine yote, tata. Muguu inabakia.”

“Nitaendesha?”

“Sukari ikikaa chini, utaendesha.”

Mume wangu aliuliza tena, na daktari akajibu tena. Mimi sikungoja mara ya tatu. Nilitoka, nikaegemea ukuta wa varanda, nikakaa chini kwenye saruji na kitenge changu kizuri. Nikalia. Sikulia kwa adabu. Nililia kwa sauti, kilio cha msibani, mikono kichwani, watu waliokuwa kwenye foleni wakanyamaza. Mama mmoja mkubwa aliyekuwa na mgonjwa wake aliacha kikapu, akaja akapiga magoti, akanishika mabega.

“Pole, mama. Pole sana. Nani alikufa?”

Akanipangusa uso kwa pindo la kitambaa chake, akangoja.

“Hakuna mutu alikufa, mama,” nikamwambia. “Batamukata kidole.”